Mashine ya Figo na Homa ya Ini

Ndugu msikilizaji wa Mkoani, juma lililopita tulizungumza habari za figo. Leo tutazame maradhi yaliyowafuata wagonjwa wa figo mpaka kwenye mashine ya kuwasafisha damu.

Mashine hiyo aliitengeneza Dakta Willem Kolff, Uholanzi, mwaka 1943, katikati ya vita. Tangu 1960 ikawezekana mtu kusafishwa damu miaka na miaka. Hapo homa ya ini ikapata njia. Mwaka 1969 na 1970 ilizuka Edinburgh, Scotland. Wakafa wagonjwa, na watumishi wa hospitali pia.

Tena lina ajabu jambo hili. Mwili wa mgonjwa wa figo ni mnyonge, haupigani sana na kirusi cha B. Mara nyingi hata macho hayageuki manjano, na kirusi hukaa damuni kimya. Muuguzi mwenye afya yake, akijichoma sindano ile, ndiye aliyeumwa sana.

Kabla chanjo haijaidhinishwa Marekani mwaka 1981, kinga ilikuwa kupima damu, kuvaa glavu, na kumtengea mwenye kirusi mashine yake. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wadogo mwaka 2002. Sisi wakubwa wengi wetu hatukuipata. Basi wewe uliyeambiwa figo zimeanza kulegea, ukifika hospitali ya Abdalla Mzee uliza habari za chanjo hiyo mapema. Figo zikishakufa, mwili hauipokei vizuri.