Bafu la Mama chini ya mabati

Samahanini kwa kimya kirefu, zamu za usiku zimenibana. Leo nina mapumziko, nikaona niwaandikie habari ya bafu. Msicheke!

Mnajua kwamba Mama analala juu na choo kiko chini uani. Kila usiku anazishuka ngazi zile za jiwe na goti lake lile, tochi mkono mmoja. Tukimwambia ahamie chini anasema huko hakuna upepo. Mimi kazini hapa Muscat nimewauguza wazee kadhaa waliovunjika nyonga, na najua jinsi mtu anavyotoka nyumbani anatembea na kurudi anabebwa. Kwa hiyo Kaka aliponitumia mchoro wa bafu analotaka kulijenga juu, kwenye kile chumba cha chini ya mabati, nilifurahi sana. Kisha nikautazama vizuri, furaha ikapungua.

Kabla sijasema kwa nini, turudi nyuma kidogo. Nyumba za mawe za pwani yetu hazikuanza na paa la mteremko. Juu walipanga boriti za mikoko, wakamwaga mawe ya matumbawe na chokaa, kisha watu wakaipiga sakafu ile kwa vijiti siku nyingi huku wakiimba, mpaka ikashikana. Boriti zilikuwa za mita 2.5 hadi 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Paa bapa linafaa hapa Oman, ambako mvua ni ya kubahatisha. Kwetu kuna masika na vuli. Chokaa ikipasuka tu, maji yanaingia kwenye boriti.

Mabati ya migongo yalipewa hataza kule London mwaka 1829. Yalipotufikia, wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliyaezeka juu ya sakafu ya zamani ili mvua iteremke. Kile chumba ambacho ukiingia upande mmoja unasimama na upande wa pili unainama kilizaliwa hivyo, katikati ya paa la zamani na paa jipya. Hakikukusudiwa kuwa chumba, sembuse bafu.

Sasa tazameni wazee walivyopanga bafu zao. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, choo kilikuwa na birika la kuhifadhia maji, na chini ya birika walijengea bakuli la Kichina. Humo waliishi samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Choo kilikaa pembeni kwenye ukuta mnene, uchafu ukishuka moja kwa moja shimoni. Hawakuyatembeza maji juu ya boriti.

Seyyid Said, aliyetawala Muscat na Zanzibar, alijenga bafu za Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazad. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajenga Hamamni pale mjini kwa ajili ya watu wote. Mkienda tena, inueni macho mtazame kuba. Mvuke ukipanda juu ya dari bapa unakuwa matone, yanakudondokea mgongoni. Kwenye kuba tone linafuata mzingo na kushuka ukutani. Kwa hiyo mteremko ndani ya bafu si adui. Ila bati tupu hutoa jasho, kwa hiyo Kaka weka dari ya mbao ifuate ule mlalo wa paa, na uache tundu la hewa pale juu kabisa.

Na hapa Oman nimejifunza kwa falaj, ile mifereji ya kale. Mitano iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yakifika kijijini, kwanza watu wanateka ya kunywa, halafu udhu, halafu kuoga, halafu ndiyo mitende. Yanakwenda upande mmoja tu, toka safi kuelekea chafu.

Haya, turudi kwenye mchoro. Upande wa chini paa lina sentimita 120, upande wa juu 240. Kaka, umeweka shawa upande wa chini na choo upande wa juu. Geuza! Mtu akioga anasimama, na siku Mama akihitaji kuogeshwa, atakayemsaidia naye atasimama. Shawa iende juu, na kigoda cha kukalia kisikose. Choo kiende upande wa chini, lakini kisisukumwe hadi mwisho, na mgongo wa Mama uelekee ule ukuta mfupi. Mtu akinyanyuka hutanguliza kichwa mbele kwanza, kwa hiyo atainuka akielekea kwenye nafasi. Ukikigeuza, kila akisimama atalipiga paa kichwa. Weka chuma cha kushikia kilichofungwa ukutani barabara, na mlango ufungukie nje. Nimeshaona mgonjwa ameanguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, tukashindwa kumfikia upesi.

Ila kubwa kuliko yote ni maji. Bomba likivuja juu ya boriti, hutaliona mpaka dari ya chini ianze kumomonyoka. Nyumba yetu ni matumbawe na chokaa, na sote tuliona Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilivyoporomoka sehemu Desemba 2020. Sitaki tumwokoe Mama na ngazi kisha tumwangushie nyumba. Kwa hiyo choo, sinki na shawa vifuate mstari mmoja kuelekea ukuta wa nje, na bomba la maji machafu lishuke nje ya ukuta, mahali ambapo fundi analiona.

Ami, hapa nakuhitaji wewe. Nakumbuka Bibi akisema zamani kulikuwa na choo juu, kikazibwa. Kama ni kweli, shimo lake la kushukia lipo kwenye ukuta fulani, na bafu la Mama linapaswa kukaa hapo hapo. Nenda ukagonge kuta na fundi kabla hajanunua hata taili moja. Na Kaka, mchoro upelekwe kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, usije ukasimamishwa katikati ya kazi.

Pesa ya saruji nitatuma mwisho wa mwezi. Mpaka hapo, jamani, mmoja wenu alale karibu na ngazi.

Nawapenda wote. Mama, usinune, ni kwa heri yako.