Kombe la Raman: Mashindano ya Fiziolojia ya Kuala Lumpur

Mashindano ya fiziolojia baina ya vyuo vya udaktari yalianza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Malaya, Kuala Lumpur. Mwanzilishi wake ni Profesa Cheng Hwee Ming, mwalimu wa fiziolojia chuoni hapo. Timu za mwanzo zilitoka vyuo vya Malaysia yenyewe. Miaka ilivyosonga zikaja timu za Thailand, Indonesia na nchi nyingine, na shughuli iliyoanza kama ya watu wa nyumba moja ikawa ya kimataifa.

Chuo hicho kilirithi ualimu wa udaktari kutoka Singapore. Huko, mwaka 1905, wakati wa utawala wa Waingereza, ilifunguliwa shule ya madaktari ambayo baadaye ilipewa jina la Mfalme Edward VII. Mwaka 1949 iliunganishwa na Chuo cha Raffles, na hapo ndipo kilipozaliwa Chuo Kikuu cha Malaya. Tawi la Kuala Lumpur likajitegemea mwaka 1962 na kubaki na jina hilo. Kombe linalogombaniwa linaitwa Kombe la Profesa A. Raman, kwa kumkumbuka Mmalaysia wa kwanza kushika uprofesa wa fiziolojia katika chuo hicho.

Mwaka huohuo wa 1962, kwa sadfa tu, televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha University Challenge, kipindi kilichoigwa kutoka College Bowl, kilichoanza redioni Marekani mwaka 1953. Vipindi vya namna hiyo ndivyo vilivyowazoesha watu kuona wanavyuo wanne wamekaa meza moja, vidole juu ya kengele. Lakini pale, mwenye kumbukumbu ya miji mikuu na majina ya wafalme hufika mbali. Katika fiziolojia mtu wa kukariri huumbuka mapema.

Somo lenyewe lilikua kwa maswali. William Harvey, katika kitabu chake cha mwaka 1628, alikadiria damu inayotoka moyoni kwa kila pigo, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akapata kiasi ambacho chakula anachokula mtu hakiwezi kukitengeneza. Basi ni lazima damu ileile iwe inazunguka. Karibu karne tatu baadaye, katika miaka ya 1920, Walter Cannon wa Harvard alibuni neno homeostasisi kwa namna mwili unavyojirekebisha ili hali ya ndani isiyumbe. Maswali magumu ya mashindano huchimbwa humo, kwenye kujirekebisha.

Mfano wa kauli ya aina hiyo: mtu aliyejeruhiwa amepoteza lita moja ya damu, na akipimwa dakika chache baadaye kiwango chake cha himoglobini kitakuwa kimeshuka. Kweli au si kweli? Wengi watakimbilia kusema kweli, maana damu imemwagika mbele ya macho. Jibu ni si kweli. Kilichotoka ni seli nyekundu pamoja na majimaji yake, kwa uwiano uleule, kwa hiyo kila mililita iliyobaki ina himoglobini ileile. Kinachobadilika mapema ni mapigo ya moyo, yanayoongezeka, na mishipa midogo ya ngozi, inayojibana hadi mikono inakuwa baridi. Himoglobini hushuka polepole saa zinazofuata, kadiri maji yaliyo kati ya seli yanavyoingia kwenye kapilari kuziba pengo. Daktari anayelitegemea lile jibu la haraka anaweza kumwacha mgonjwa anayevuja damu tumboni akidhani yuko salama.

Mashindano huwa na hatua mbili. Kwanza ni mtihani wa kuandika, wenye kauli za kweli au si kweli. Kisha hufuata duru za mdomo mbele ya hadhira, na hizo ndizo zenye shangwe, ingawa mchujo wenyewe ni wa kwenye karatasi.

Mwaka 2015 Cheng alichapisha Physiology Question-Based Learning, kitabu kinachofundisha moyo, mapafu na figo kwa njia hiyohiyo ya maswali, safari hii bila kombe wala kengele.