Sifa au Haki: Locus Standi kwa Kiswahili

Mara nyingi kesi ya mazingira hufia mlangoni. Kabla ushahidi haujaguswa, wakili wa upande wa pili huinuka na pingamizi la awali: mdai huyu hana locus standi. Pingamizi likikubaliwa, shauri hutupwa, na hakuna atakayeuliza kama mto umechafuliwa kweli au la. Kwa Kilatini maneno hayo ni mahali pa kusimama. Kisheria ni uhusiano kati ya mtu na jambo analolalamikia, unaotosha mahakama kukubali kumsikiliza.

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, istilahi hii haikwepeki tena. Husikika tafsiri mbili: sifa ya kufungua shauri, na haki ya kufungua shauri. Wengi huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naona zinatofautiana sana. Sifa hupimwa, na asiyekuwa nayo hurudishwa nyumbani. Haki mtu tayari anayo. Anayetaka kumnyima ndiye mwenye kazi ya kujieleza.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai aliiomba Mahakama Kuu ya Kenya izuie ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Alishindwa, kwa sababu hakuonyesha kwamba yeye binafsi angeumia kuliko mkazi mwingine wa jiji. Itazame vizuri hoja hiyo. Bustani ni ya wote, hivyo hasara yake ni ya wote, hivyo hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuitetea. Kadiri wanaoumia wanavyozidi, ndivyo anayeweza kusema anavyokosekana! Jengo halikujengwa, lakini si kwa sababu ya mahakama. Kelele za wananchi ziliwafanya wafadhili wajitoe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 70, ikaufunga mjadala huo: anayelalamikia uharibifu wa mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hapo Wakenya walitoka kwenye sifa wakaingia kwenye haki.

Tanzania imekwenda mbele na kurudi nyuma. Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu uwezo wa kwenda mahakamani kuilinda Katiba na sheria za nchi, na mwaka 1994, katika kesi ya mwanasiasa Mchungaji Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliisoma kwa upana huo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nacho kinasema kila mtu anaweza kushtaki pale haki ya mazingira safi na salama inapotishiwa. Lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye mwenyewe. Hiyo ilikuwa sifa, imerudi kwa mlango wa nyuma.

Madhara ya kupima watu kwa sifa yanaonekana kwa punda. Kenya ilipopiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara mwaka 2020, kichinjio kimoja cha Naivasha kilikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Kichinjio kina vitabu vya hesabu. Hasara yake inasomeka. Punda hana kitabu, na mama ambaye punda wake aliibiwa kwenda kuchinjwa, akabaki kubeba madumu ya maji mgongoni, hana nauli ya kumfikisha kwa wakili. Kipimo kikiwa ni sifa peke yake, anayesikika kwanza ni mwenye biashara.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilionyesha njia nyingine. Mwaka 2014 ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililofunguliwa na shirika la kutetea wanyama kutoka Nairobi. Shirika hilo halikumiliki nyumbu hata mmoja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kulalamika, basi.

Kwa hiyo nawaomba watafsiri wa hukumu na waandishi wa habari za mahakama: jaji anapodai uthibitisho wa madhara binafsi, andikeni sifa ya kufungua shauri. Sheria inaposema kila mtu, andikeni haki.