Kigari cha mfano na gari kongwe: maana na matumizi

kigari cha mfano nm [ki-/vi-] (wingi: vigari vya mfano) gari dogo lililoundwa kwa kufuata vipimo vya gari halisi, kila kipimo kikiwa kimepunguzwa kwa uwiano uleule.

gari kongwe nm [li-/ya-] (wingi: magari makongwe) gari la umri mkubwa linalotunzwa kwa thamani ya historia yake, si kwa matumizi ya kila siku tu.

Istilahi hizi mbili zinajadiliwa pamoja kwa sababu katika matini zenyewe haziachani. Anayeunga vigari vya mfano aghalabu huchagua magari yaliyokwisha kuondoka barabarani, na anayefufua gari kongwe mara nyingi huwa na kigari chake kwenye rafu. Mfasiri wa jarida la fani hii hukutana na zote mbili katika ukurasa mmoja, wakati mwingine katika sentensi moja, na hapo ndipo neno modeli linapomponza.

Katika Kiswahili cha sokoni na cha gereji, modeli ni aina au toleo la gari: "gari la modeli ya 1972", "modeli hii haina vipuri siku hizi". Matumizi hayo yamekomaa, na hakuna sababu ya kuyapinga. Tatizo huanza neno hilohilo linapobebeshwa pia maana ya kigari kidogo cha kuungwa. Tazama fungu hili: "modeli ya Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971". Msomaji ana njia tatu za kulielewa. Huenda linasema juu ya toleo la Datsun lililoitwa 240Z. Huenda linataja gari lenyewe, lile ambalo Edgar Herrmann aliliendesha hadi ushindi mwaka huo. Tena huenda linataja sanduku la vipande vya plastiki, kwani kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa kigari cha gari hilo katika skeli ya 1:24. Kiambishi i- cha iliyoshinda hakimsaidii, maana modeli na Datsun zote zinaweza kukichukua.

Istilahi ya Kiswahili ikitumika, ngeli hufanya kazi yake. "Kigari cha mfano cha Datsun 240Z lililoshinda Safari": li- inarudi kwa gari, kwa hiyo mshindi ni gari halisi. "Kigari cha mfano cha Datsun 240Z kilichoshinda": ki- inarudi kwa kigari, na msomaji anajua mara moja kwamba mashindano yanayosemwa ni ya waundaji, mezani, na si yale yaliyoanza mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la gari la kigeni linaweza kufuata upatanisho wa gari (Datsun lililoshinda) au wa ngeli ya i-/zi- (Datsun iliyoshinda). Katika matini inayochanganya magari na vigari vyake, upatanisho wa li-/ya- ni bora, kwani unautenga wazi zaidi upande wa gari halisi. Mfasiri anayeandika modeli kila mahali anautupa msaada ambao lugha ilikuwa imempa bure.

Kigari peke yake hakitoshi. Neno hilo lina kazi nyingine nyingi: kigari cha kusukuma mizigo, kigari cha mtoto mchanga, kigari cha dukani. Nyongeza ya cha mfano ndiyo inayolifunga. Kielelezo ni neno zuri la jumla, nalo hufaa katika makumbusho na ofisi za wasanifu majengo ("kielelezo cha daraja"), ila katika fani hii husikika kama la darasani. Sanamu ya gari ina maana ya kitu cha kutazamwa, pengine cha simenti mbele ya hoteli. Gari bandia ni kosa la kweli, kwa kuwa bandia hubeba dhana ya kughushi, na hakuna anayeghushi gari la sentimita kumi na saba.

Kigari cha kuchezea nacho ni kitu kingine, ingawa mpaka hauonekani daima. Vigari vya waya vinavyotengenezwa na watoto kote Afrika Mashariki, vikiwa na usukani wa fimbo ndefu na magurudumu ya visoda au kandambili, ni vya kuchezea, na kuviita hivyo si kuvidharau. Vingine vina ustadi ambao mtu mzima mwenye sanduku la dukani angeuonea wivu. Kinachovitenga na kigari cha mfano ni kipimo. Mtoto hupima kwa jicho, mwundaji hupima kwa uwiano.

Uwiano huo huitwa skeli, na huandikwa kwa nukta pacha: 1:24, husomwa "moja kwa ishirini na nne". Makosa mawili hurudiwa hapa. La kwanza ni kudhani kwamba namba kubwa ni kigari kikubwa. Volkswagen ya umbo la kobe ina urefu wa takriban mita 4.07. Katika skeli ya 1:24 inakuwa karibu sentimita 17, na katika 1:43 inakuwa sentimita tisa na nusu hivi. Basi "skeli kubwa" ni ile yenye namba ndogo, na mwalimu anayefundisha ramani atalitambua tatizo hili mara moja. Kosa la pili ni kuandika kwamba kigari "ni kidogo mara 24 kuliko gari". Kilichogawanywa kwa 24 ni urefu. Ujazo umegawanywa kwa 24 mara tatu mfululizo, yaani kwa 13,824. Andika "urefu wake ni sehemu moja ya ishirini na nne ya urefu wa gari halisi", au taja skeli na uishie hapo.

Namba hizi, ambazo kwa mgeni huonekana za kubahatisha, zina asili yake. Skeli ya 1:24 ni nusu inchi kwa kila futi moja. Ile ya 1:43 ilitoka kwenye treni ndogo za Uingereza zilizopimwa kwa milimita 7 kwa futi, na ndiyo maana magari yaliyotengenezwa kusimama kando ya reli hizo yalibaki na kipimo hicho hata treni zilipotoweka mezani. Waingereza walipenda pia 1:32. Wamarekani walishikilia 1:25, na Wajapani 1:24, kiasi kwamba skeli iliyotajwa kwenye sanduku mara nyingi humdokezea mtafsiri nchi ya matini asilia kabla hajasoma mstari wa pili.

Hiyo 1:25 ya Marekani ina historia inayogusa msamiati. Kampuni ya AMT ilianzishwa mwaka 1948 huko Troy, Michigan. Jina lake lilitaja aluminiamu, lakini plastiki ndiyo iliyoijenga. Vigari vyake vya awali havikuuzwa kama vya kuunga: vilitoka vikiwa kamili, kwa rangi zilezile za kiwandani, na mawakala wa magari waliwapa wateja au watoto wao. Kwa hivi, kigari cha matangazo ni istilahi inayojitegemea, wala isichanganywe na cha kuunga. Plastiki ya vigari vingi vya mwanzo ilikuwa na udhaifu wa kujipinda kadiri miaka ilivyopita, na mkusanyaji anayeuza chake leo hulazimika kusema kama kimepinda au la. (Kupinda ndilo neno. Kupindika ni kwa kinachoweza kukunjwa na mtu.) Mwaka 1958 AMT ilianza kuuza vipande vya kuunga vyenye chaguo tatu ndani ya sanduku moja: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililobadilishwa umbo kwa mapambo, na gari la mashindano. Matini za Kiingereza huzitaja namna hizo tatu kwa neno mojamoja. Kiswahili hakina haja ya kubuni: cha kiwandani, cha kurembwa, cha mashindano.

Sanduku lenyewe ni seti ya vipande. Anayejaribu kulitohoa neno la Kiingereza huishia na kiti, na msomaji huanza kumtafuta wa kukikalia. Vipande visiitwe vipuri. Kipuri huchukua nafasi ya kilichokufa au kilichopotea, ilhali kipande cha seti ndicho cha kwanza na cha pekee. Majina ya sehemu yanafuata ya gereji bila kubadilika: bodi, chesisi, boneti, bampa, rimu, dashibodi. Fundi wa kigari na fundi wa gari hupiga msasa, hupaka rangi na husubiri ikauke, na vitenzi vyao ni vilevile. Kitenzi cha kazi nzima ni kuunga au kuunda. Kutengeneza kunafaa zaidi kwa kilichoharibika.

Upande wa gari halisi, kivumishi ndicho kinachoamua. -kuukuu husema kwamba kitu kimechakaa: nguo kuukuu, kikapu kikuukuu, magari makuukuu. Mkweche (wingi: mikweche) husema hivyo kwa kejeli. -a zamani husema juu ya wakati bila kupima hali: "gari langu la zamani" linaweza kuwa lile lililouzwa mwaka jana. -a kale hurudisha nyuma mno, kwenye mapango na magofu. -kongwe ndilo neno linaloweka umri na heshima pamoja. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni ushahidi wa kutosha. Uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na hakuna aliyefikiri kuuita Mji Mkuukuu, ijapokuwa kuta nyingi zimechakaa kweli.

Uchaguzi huu si wa ladha tu. Wasia ukisema "gari langu kuukuu lililo uani", warithi wana haki ya kuelewa kwamba kilichobaki ni chuma chakavu, na mnunuzi wa chuma chakavu hupima kwa kilo. Ukisema "gari langu kongwe, Peugeot 404", mtu ataulizia thamani kabla ya kuita mzani. Aina hiyo ilishinda Safari mara nne, mwaka 1963 na kuanzia 1966 hadi 1968, na palipo na gari la namna hiyo pana mtu anayelitafuta. Vivyo hivyo katika bima, katika ripoti za forodha na katika hati za mirathi, mfasiri aliyeteleza kwenye kivumishi amebadilisha mali.

Umri nao una mipaka ya kisheria na ya kichama isiyolingana. Nchini Kenya gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa limezidi miaka 8, na kwa hiyo mazungumzo ya kila siku huweza kuliita gari la miaka kumi "la zamani". FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoundwa mwaka 1966, hulitaka gari liwe na miaka isiyopungua 30. Mbio za London hadi Brighton, zinazokumbuka safari ya Novemba 1896, hupokea magari yaliyoundwa kabla ya 1905 peke yake. Kiingereza kina jina mahususi kwa kila tabaka la umri, na majina hayo hayakubaliani hata baina ya Uingereza na Marekani. Yasitafsiriwe neno kwa neno. Mwaka hausemi uongo: "magari yaliyoundwa kabla ya 1905", "magari makongwe ya kati ya vita kuu mbili".

Vitenzi vya utunzaji vitenganishwe pia. Kuhifadhi ni kuzuia gari lisiharibike zaidi, na makovu yake yakaachwa. Kukarabati ni kulifanya litumike tena. Kufufua, au kwa tahadhari zaidi kurejesha katika hali ya asili, ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani, rangi na misumari yake. Mwenye gari lenye mikwaruzo ya Safari atakasirika akisoma kwamba "limekarabatiwa" iwapo yeye amelihifadhi, kwa kuwa mikwaruzo hiyo ndiyo anayoitunza.

Mtu wa fani hii ni mpenzi wa magari makongwe au mpenzi wa vigari vya mfano. Shabiki linakubalika, japo linanukia uwanja wa mpira. Mkereketwa liachiwe vyama vya siasa. Mkusanyaji ni yule anayeviweka pamoja, hata kama hajawahi kushika gundi.

Mifano ya matumizi:
Aliunga kigari cha mfano cha Volvo lililoshinda Safari ya mwaka 1965.
Magari makongwe mawili yalihifadhiwa. La tatu lilifufuliwa.
Kigari hiki ni cha skeli kubwa kuliko kile: hiki ni 1:24, kile ni 1:43.