Asili ya jina la Bagamoyo

Bagamoyo ni mji wa pwani ya Tanzania, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kwa kawaida jina lake huelezwa kuwa limetokana na maneno "bwaga moyo". Kuna maelezo mawili kuhusu moyo uliobwagwa: wa mtumwa au wa mpagazi.

Njia ya misafara

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika na kupitia Tabora, Ugogo na Mpwapwa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitumia takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora. Bidhaa kuu ya kutoka bara ilikuwa pembe za ndovu.

Maelezo ya utumwa

Kwa mujibu wa maelezo haya, mateka waliofika pwani waliona majahazi ya kuwavusha kwenda Unguja, wakajua kwamba hawatarudi kwao. Miili ilivuka, mioyo ikabaki bara. Hivyo jina limekuwa sitiari ya uhamisho. Siberia, eneo la baridi kali nchini Urusi, ilipata maana kama hiyo kwa sababu wafungwa walipelekwa huko. Bagamoyo iliipata kama mahali pa kuagana na nchi.

Maelezo ya wapagazi

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walipofika pwani walitua mizigo, wakapumzika, kisha wakarudi kwao. Katika Kiswahili, kubwaga moyo ni kutulia na kuondokewa na wasiwasi. Maana hiyo inaafikiana na maelezo haya.

Pamoja na hayo, bandari kuu ya kusafirishia watumwa kwenda Unguja ilikuwa Kilwa. Hata hivyo watumwa walipita Bagamoyo pia, na wamisionari Wakatoliki waliofika mwaka 1868 walianzisha hapo kijiji cha watumwa waliokombolewa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Leo

Maelezo ya utumwa yanajulikana sana, hasa kwa wageni wanaotembelea mji. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia wa UNESCO kwa jina linalotaja watumwa na pembe za ndovu pamoja. Wapagazi waliozibeba pembe hizo hawatajwi.