Ngoro: Mashimo Yaliyotunza Udongo wa Umatengo

Katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kuna mashamba yaliyo kwenye miteremko mikali ambako mvua kubwa zingetosha kuuzoa udongo wote hadi mtoni. Wamatengo wamelima huko kwa zaidi ya karne moja, na udongo bado upo.

Hawakuhamia milimani kwa kupenda tu. Katikati ya karne ya 19 walikimbia mashambulizi ya Wangoni, wakajibana kwenye vilele vya upande wa Litembo. Watu wakawa wengi, ardhi ikawa finyu. Kufyeka pori, kulima misimu michache na kuhamia kwingine hakukuwezekana tena. Ni katika mbano huo kilimo cha ngoro kilipokomaa.

Kazi huanza mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni. Wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatizana mpaka shamba zima ligawanyike katika miraba, kila mmoja ukiwa na upana wa takriban mita moja na nusu. Hazichomwi moto. Wanawake hufuata na majembe: huchimba katikati ya mraba na kuufukia udongo juu ya nyasi. Hapo hupatikana shimo lililozungukwa na matuta pande zote nne, na juu ya matuta hayo hupandwa maharage. Maharage yakishavunwa, zamu inayofuata ni ya mahindi. Magugu na mabua hutupwa shimoni yaoze. Baada ya miaka miwili hivi shamba huchimbwa upya, na mashimo mapya huwekwa pale matuta ya zamani yalipokutana, hivyo mboji husambaa shamba zima.

Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni na kunywea taratibu, na udongo uliobebwa hubaki hapohapo. Mnamo 1938 A. H. Pike aliieleza mbinu hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa hiyo serikali ya kikoloni haikukosa taarifa. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 iliwalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima mingine, ile ya Uluguru, kuchimba matuta ya ngazi. Ngazi hizo zilimeza nguvu kazi nyingi, na mara nyingi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi wa Uluguru waligoma, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Ngoro haikuhitaji amri ya mtu, kwa sababu Wamatengo wenyewe waliona mavuno yake.

Haifai, hata hivyo, kuisifu ngoro na kunyamazia jasho lake. Mzigo mkubwa wa kuchimba umewaangukia wanawake, ambao pia hubeba kuni, maji na watoto. Kahawa, iliyoingia Umatengo katika miaka ya 1920, ilileta fedha lakini ikachukua sehemu ya ardhi na ya muda wa familia. Vijana wengi wameteremka kwenye misitu ya miombo kutafuta mashamba mapya, na huko ngoro haichimbwi kila mahali.

Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Japani, wameichunguza mbinu hii kwa kina. Maarifa hayo yasiishie maktabani. Mabwana na mabibi shamba wanaopelekwa kwenye wilaya za milimani wapitie kwanza Mbinga, wafundishwe na akina mama wanaoshika jembe.