Kamisheni kubwa si lazima ilete mapato makubwa

WAMILIKI wengi wa tovuti wanaotafuta kipato kupitia programu za uwakala wa mauzo hutazama kwanza asilimia ya kamisheni, ilhali tarakimu hiyo peke yake haielezi ni kiasi gani cha fedha kitakachowafikia mkononi.

Katika programu hizo, duka humpatia mwenye tovuti kiungo chenye namba yake ya utambulisho. Msomaji akikibonyeza, alama ndogo iitwayo kuki huhifadhiwa katika kompyuta au simu yake, na akinunua bidhaa kabla alama hiyo haijakwisha muda, wakala hulipwa sehemu ya bei. Amazon ya Marekani ilianzisha programu yake Julai 1996, wakati duka hilo likiuza vitabu tu.

Muda wa kuki ndio unaopaswa kuulizwa mapema zaidi. Kwa Amazon ni saa 24. Msomaji aliyebonyeza kiungo leo jioni, akalala juu ya uamuzi wake na kurejea dukani mwenyewe baada ya siku tatu, hamwachii wakala hata senti moja, isipokuwa kama alikuwa ameiweka bidhaa kikapuni ndani ya saa hizo; hapo muda huongezwa hadi siku 90. Zipo programu zinazotoa siku 30 na zaidi. Kwa tovuti inayoandika kuhusu kamera au kompyuta, bidhaa ambazo mnunuzi huzitafakari kwa majuma kadhaa, asilimia 4 ya siku 30 huweza kuzaa matunda kuliko asilimia 8 ya siku moja.

Aidha, mkataba huandikwa na duka, na duka ndilo hubadili viwango. Aprili 21, 2020, Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Meza ya dola 200 iliyokuwa ikimpatia wakala dola 16 ikawa inampatia dola 6, bila yeye kupunguza kazi yoyote. Waliokuwa wamejenga tovuti nzima juu ya samani na duka moja ndio walioumia zaidi.

Lipo pia sharti ambalo wageni hulisahau: wakala mpya wa Amazon asipoleta mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180, akaunti yake hufungwa. Mauzo ya kujinunulia mwenyewe hayahesabiwi.

Kwa mwenye tovuti wa Afrika Mashariki, swali zito ni kama wasomaji wake wanaweza kununua katika duka husika. Tovuti ya Kiswahili inayosomwa Mwanza haitapata kitu kwa kutangaza friji isiyosafirishwa hadi huko. Duka la karibu nalo huweza kuondoka: Jumia ilifunga biashara yake ya mtandaoni nchini Tanzania Novemba 2019, na wakala aliyeitegemea peke yake hakubakiwa na cha kuuza.

Kisha kuna njia ya malipo, ambayo ni vyema kuisoma kabla ya kuweka kiungo cha kwanza. Kiwango cha chini cha kulipwa kwa hundi kikiwa dola 100, wakala anayepata dola 7 kwa mwezi atasubiri zaidi ya mwaka, na hundi ya kigeni ikifika, benki nayo itataka ada yake. Nchini Kenya, tangu 2018 mwenye akaunti ya PayPal ameweza kuhamishia fedha M-Pesa, hatua iliyowapunguzia wengi safari hiyo.

Programu halali kwa kawaida haitozi ada ya kujiunga, kwa kuwa duka hulipa kwa mauzo yaliyokwisha kufanyika. TelexFree, iliyoendeshwa kutoka Massachusetts, iliwatoza washiriki fedha kisha kuwaahidi malipo ya kila juma kwa kuweka matangazo mtandaoni. Aprili 2014 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliifikisha mahakamani ikidai kuwa ulikuwa mchezo wa upatu, ambamo waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata.